Uzito wa Godzilla unatoka kwenye kamera

Mkiitazama tena Godzilla, filamu ya Kijapani ya 1954 kuhusu jitu linalobomoa mji, angalieni majengo yanavyoporomoka taratibu. Jitu lile ni mtu ndani ya vazi zito la mpira, na Tokyo ni mji wa vijengo vilivyopunguzwa mara 25. Kijengo kifupi huanguka upesi mno, na hapo ndipo macho hugundua ni mwanasesere. Dawa yake ni kuongeza kasi ya kamera, ipige picha nyingi zaidi kila sekunde, kisha kuonyesha filamu kwa picha 24 kwa sekunde, ili anguko lionekane la polepole. Muda wa kuanguka hufuata kipeuo cha pili cha urefu, hivyo hesabu ni kipeuo cha pili cha 25, yaani mara 5: kamera ipige picha 120 kwa sekunde.

Na ngurumo ile tamu ya Godzilla? Akira Ifukube, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, alitumia glovu ya ngozi yenye utomvu wa msonobari, ikasuguliwa kwenye uzi uliolegezwa wa kontrabasi, ala kubwa ya nyuzi yenye sauti nzito.