Eti mimi ndo nuksi ya Mariners

Jamani hili nilisema sitaliandika, nikasema nitalala litapita, halijapita. Leo Jumatatu, Septemba 22, 2025, Mariners, timu yetu ya besiboli hapa Seattle, hawachezi, nyumba imetulia, mama mkwe kalala chumbani kwa Neema (ndio kafika jana salama, asanteni kwa dua zenu), na mi nimekaa jikoni na simu na bado naisikia sauti ya Mzee wa Redio: "Nimekuwa nahesabu."

Mzee wa Redio mnamjua, wageni someni za nyuma, kwa kifupi ni yule babu wa chumba cha pili pale kazini kwenye nyumba ya wazee, aliyekuwa anaunda ndege Renton enzi hizo, TV hataki kuiona, Mariners anaisikiliza redioni 710 tangu asubuhi wanapoanza kupiga soga za gemu mpaka usiku wanapomaliza kulaumiana. Yuko nao tangu timu inaanza 1977. Ndo yeye kanifundisha huu mchezo. Mi nimekuja nchi hii najua Coastal Union na Taifa Stars basi, leo hii naweza kukwambia mrushaji kachoka kwa kusikia tu mtangazaji anavyovuta pumzi. Na msimu wenyewe ni gemu 162, yani karibu kila siku ya Mungu kuanzia mwezi wa tatu mwishoni mpaka huu wa tisa, kwahiyo piga hesabu mimi na yule mzee tumeongea kiasi gani.

Sasa Jumatano. Tulikuwa tumeshinda kumi mfululizo, mji mzima umepata wazimu, tuko Kansas City. Naingia na dawa za jioni, kikopo cha karatasi mkono huu, maji mkono huu, mlango nausukuma kwa kiwiko kama siku zote, na saa hiyohiyo redio ikalipuka, Kansas wamepiga, watu wanakimbia. Mzee akanyoosha kiganja kama trafiki wa Morogoro Road.

"Usiingie."

"Dawa hizi mzee."

"Kila ukiingia wanatupiga. Nimekuwa nahesabu."

"Sasa dawa nifanyeje?"

"Subiri raundi iishe."

Nikabaki nimesimama korido na kikopo changu. Kumuachia mezani siruhusiwi, lazima nimuone anameza ndo nisaini karatasi. Nimesimama pale nasikia raundi inavyokwenda na haiishi, besiboli haina dakika 90, raundi inaisha watu watatu wakitoka na wasipotoka mtakesha. Mwisho akaniita, akameza, akasema asante kama kawaida yake, na gemu tukapoteza. Kumi ikakatika.

Mi si mtu wa kununa mnanijua. Lakini ile "nimekuwa nahesabu" imeniingia mahali. Angeropoka tu kwa hasira za gemu ningecheka, mtu timu yake inapigwa anaropoka. Kuhesabu ni jambo lingine. Kuhesabu tangu lini? Tangu mwezi wa sita? Yani zile jioni zote naingia namuuliza "tunaongoza?" na ananijibu vizuri, ananieleza Julio Rodríguez kafanya nini, kumbe pembeni kuna daftari kichwani anaweka alama? Na yule dada wa mchana mbona anaingia anatoka, anafungua pazia, anabadilisha shuka katikati ya gemu za mchana, hajawahi kuambiwa kitu? Hapo ndo akili ikaanza kwenda kule mnakojua, kwanini mimi. Nikajiambia acha hizo Mama Neema, mzee hana hayo. Halafu saa nane za usiku nikajiuliza tena.

Alhamisi sikwenda kazini, ndo Baba Neema alikula kiapo cha uraia, picha nitaweka, alipendeza. Mariners wakashinda.

Mnaona? Sipo, wanashinda.

Nikamsimulia Baba Neema tukiwa garini yeye na kibendera chake mkononi, nikitegemea atanitetea, huyu si ndo raia mpya aende akaongee nao wenzake. Kacheka mpaka akakohoa. Akasema Mama Neema wewe wa kushangaa hayo? Umetokea nchi timu inakataa kupita geti rasmi siku ya mechi, inapigwa faini na bado mechi ijayo inaruka ukuta, kamati ya ufundi (ile ya waganga) ina bajeti kuliko timu ya vijana, halafu babu wa watu kakuomba usubiri mlangoni ndo umekonda? Nikanyamaza maana baba yangu mwenyewe Tanga pale alikuwa hivohivo. Mwaka 88 Coastal wanachukua ubingwa, baba na redio yake kibarazani, mama alikuwa haruhusiwi kutoka nje mpira ukishaanza. Chai alikuwa anampitishia dirishani kwenye nondo, mkono tu na kikombe, baba anapokea bila kugeuka. Sisi watoto tuliona ni kawaida kabisa. Mama aliona nini sijui, sijawahi kumuuliza, na sasa nataka kumuuliza ila nikipiga simu atadhani nimegombana na mume wangu.

Ijumaa nimerudi zamu, ndo Houston sasa. Kwa wasiofuatilia hii Houston ilikuwa kila kitu: tunaingia mle ndani tuko sawasawa kwenye kundi letu, wao wameshinda 84 wamepoteza 69 na sisi 84-69, na gemu za kukutana mwaka huu 5-5. Na siku hizi timu zikilingana mwisho wa msimu hazichezi gemu ya kuamua, hilo lilifutwa 2022, wanaangalia nyinyi wawili mlipokutana nani kamuonea mwenzake. Kwahiyo gemu tatu zile zilikuwa ni ligi nzima. Na Houston wenyewe ndo walewale, mzee huwa hawataji kwa jina, anasema "wagonga pipa" kwa sababu ya ule wizi wao wa 2017, walikuwa na kamera inachungulia ishara ambazo mdakaji anampa mrushaji wake halafu mtu anagonga pipa la taka kumjulisha mpigaji mpira gani unakuja. Na ndo waliotutoa kwenye mtoano 2022 kwa ile gemu ya raundi 18 iliyoisha 1-0. Raundi kumi na nane jamani, gemu mbili ndani ya gemu moja, kwa hom rani moja tu (mpira unapigwa mpaka unavuka uzio) ya yule kijana wao Peña.

Nikasema sawa, hutaki niingie siingii. Nikabeba kiti nikakaa koridoni nakunja taulo, mlango wazi kidogo, redio naisikia. Dawa nilimpa kati ya raundi na raundi, nimeingia kama mwizi nikatoka. Houston hawakupata hata moja. 4-0.

Mzee akanitazama wakati namfunika, kajawa na furaha usoni, akasema, "Unaona?"

Bora angenipiga kofi. Maana sasa ana ushahidi.

Na hata ile furaha haikuwa kamili maana Bryan Woo, mrushaji wetu bora mwaka huu, alitoka baada ya raundi tano anashika kifua, msuli. Nilitaka kumwambia mzee na hilo je ni mimi? Nikaacha. Ana miaka mingi yule na mimi nina mshahara wa kulinda.

Jumamosi ndo imeharibu kila kitu, au imetengeneza, sijui. Cal Raleigh kashapiga hom rani ya 57, amempita Griffey aliyekuwa na rekodi ya klabu, 56, alizipiga 1997 akazirudia 1998. Raleigh huyu ni mdakaji, mtu anayechuchumaa gemu nzima, magoti yake yanatakiwa yawe yamekufa, na ndo anaongoza. (Jina lake la utani linahusu makalio. Mzee alivyonieleza maana alikuwa mwekundu mpaka masikioni.) Tunaongoza 6-4, raundi ya tisa, ya mwisho, Houston ndo wanapiga na wana watu kwenye besi, mi niko zangu koridoni nimetii. Kengele ya mzee ikalia.

Nikajua ni utani. Ikalia tena. Ikawa ni choo, na choo cha yule mzee hakingoji raundi iishe.

Nikaingia. Tukatazamana. Hakusema kitu, na mimi sikusema. Nikamfunga mkanda wa kumnyanyulia, nikapanga miguu yake, nikahesabu moja mbili tatu, akaja juu, tumeshikana hivo mimi nimemkumbatia kiunoni yeye mikono mabegani kwangu, na redioni mpira ukapigwa. Wa juu juu, mfupi, ule unaodondokea mahali hakuna mtu. Mtangazaji sauti ikapanda, Victor Robles wetu anakuja mbio, anakuja, kajirusha, kadaka chini kabisa! Na kabla sijaelewa kainuka kautupa besi ya pili, mkimbiaji wa Houston alishaondoka kwenye besi yake, wawili nje kwa mpigo mmoja, gemu imekwisha.

Nikataka kumshusha akasema, "Usisogee!"

Gemu imekwisha mzee. "Usisogee kwanza." Tumesimama pale kama tunacheza muziki wa taratibu, anatetemeka, sijui ni miguu au ni kicheko, kichwa chake kiko begani kwangu anasema "Ameshika. Ameshika yule." Mengine ya pale siandiki, choo kilitutangulia, tulibadilisha kila kitu na hakuna aliyejali.

Hapo si mnadhani nimepona? Nilidhani hivyo pia. Nimeendesha naenda nyumbani naimba. Nimejiambia nuksi imegeuka, mi sasa ndo kamati ya ufundi yenyewe, kesho nikirudi ataniomba nisimame palepale. Sasa kesho yake Jumapili ilikuwa zamu si yangu, niko uwanja wa ndege nimepaki namsubiri mama mkwe atoke, redio ya gari nimefungua, na raundi ya pili tukapata saba. SABA, raundi moja! J.P. Crawford kapiga hom rani na besi zote tatu zina watu, Raleigh kaweka ya 58, gemu 7-3, Houston tumewafagia nyumbani kwao. Watu wananipigia honi nisogeze gari na mimi nalia machozi ya furaha, halafu katikati ya kulia nikawaza, nani yuko chumbani saa hizi? Nani kampelekea dawa? Yule dada wa mchana alikuwa amechukua zamu mbili.

Wivu ulionishika sikuutegemea. Jumatano nimeumia kuambiwa nina mkosi, Jumapili naumia kwamba bahati imetokea mikononi mwa mtu mwingine. Mtu mzima mimi, nina watoto.

Leo nimeingia zamu nikampelekea supu. Hakugusia Jumatano, hakugusia Jumamosi, kanieleza tu mahesabu, na mahesabu ni matamu kweli: sisi 87-69, Houston 84-72, zimebaki sita zote nyumbani, tatu na Colorado ambao mwaka huu ni wabovu wa kutupwa, halafu tatu na Dodgers ambao si wabovu hata kidogo. Tukishinda tatu tu kati ya sita kundi ni letu hata Houston washinde zote, maana kukutana tumewamaliza 8-5. Na ukichukua kundi ukiwa na rekodi ya pili kwa ubora miongoni mwa mabingwa wa makundi, unapumzika raundi ya kwanza ya mtoano, huendi kwenye ile ya gemu tatu ya kubahatisha. Mpaka leo hii Septemba 2025, mara ya mwisho kuchukua kundi ilikuwa 2001, waliposhinda gemu 116, na bado Yankees wakawatoa. Timu hii haijawahi kufika fainali ya World Series, ni sisi peke yetu kati ya timu zote 30.

Nikamwambia basi tumeingia mzee. Akatikisa kichwa. Akasema 2023 tulikosa kwa gemu moja. 2024 tulikosa kwa gemu moja, na mwezi wa sita tulikuwa tunaongoza kundi kwa kumi. Akasema tazama Detroit, mwezi wa saba walikuwa mbele ya Cleveland kwa gemu 15 na nusu, leo tazama, Cleveland wanawapumulia kisogoni. Nikamwambia na 1995 je, si ulinieleza mwenyewe mlikuwa nyuma kwa 13 mwezi wa nane mkawapita Angels? Hapo akacheka kidogo. Akala supu.

Sikumuuliza kesho nikae wapi. Nilisimama pale na sinia tupu nikasubiri aseme mwenyewe, ndani au koridoni, na yeye anatafuta chumvi. Kesho ni Colorado, gemu jioni, dawa zake ni zilezile saa ileile. Baba Neema anasema niingie tu nisimame dede kama Jumamosi, yeye hilo kwake ni sayansi. Mi naona nitapitisha kwanza kichwa nimsome uso.

Ila kinachoninyima usingizi sasa hivi wala si hiki. Nimefungua begi la mama mkwe nimpangie nguo, chini ya kanga na vile visamaki vyake nikakuta vidonge vya presha, karatasi mbili basi, ukivigawa havimalizi mwezi. Na amekuja kukaa miezi sita, bima hana. Nimemuuliza vingine viko wapi akasema si nimekuja Marekani mwanangu, huku dawa mnazo. Kama kuna mtu hapa Kent au Tukwila anajua kliniki inayompokea mgeni asiye na bima bila kumchinja, niandikieni inbox, hata usiku huu, niko macho.