Nilivyotoka kwenye TOT: hesabu ya hadiwea yangu

Julai 2023 ushuru wa duka langu ulipanda mara tatu, ilhali mauzo yalibaki palepale. Hadi Juni nilikuwa nikilipa asilimia 1 ya mauzo, kama shilingi 3,300 kwa mwezi. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaifanya asilimia 3, na ilipofika tarehe 20 Agosti, siku ya mwisho ya kulipia Julai, nikatoa 9,900. Nina hadiwea ndogo Njoro, kaunti ya Nakuru, Kenya: saruji, misumari, nondo, mabati, rangi na mabomba. Aliyewahi kuuza saruji anajua kwamba mfuko mmoja hukuachia shilingi chache mno. Ukiuza kwa bei ya juu kidogo, fundi anavuka barabara kwa jirani.

Ushuru wenyewe ndio huo tunaouita TOT (turnover tax), yaani ushuru unaotozwa kwa mauzo. Wanaohusika ni wafanyabiashara ambao mauzo yao kwa mwaka ni kati ya milioni 1 na milioni 25. Kabla ya sheria hiyo kikomo cha juu kilikuwa milioni 50. Wengi tunaupenda kwa sababu hauna mahesabu mengi. Unajumlisha mauzo ya mwezi, unatoa asilimia yako, unalipa, umemaliza. Mimi pia niliupenda kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana sikuwahi kujiuliza kama unanifaa.

Aliyeniuliza ni kijana mhasibu aliyekuja kununua rangi. Nilikuwa nikilalamika kwa sauti, naye akaniuliza faida yangu ni kiasi gani katika kila shilingi mia. Nikamwambia kumi, kumi na mbili mwezi ukiwa mzuri. Akaniambia, "Basi mama, hapo unatoa karibu shilingi tatu kwa kila kumi unazopata. TOT haiangalii faida, inaangalia mauzo. Na hujalazimishwa kukaa humo."

Hilo la mwisho sikulijua. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa ushuru kwamba hataki kuwa chini ya TOT, kisha anatozwa ushuru wa mapato wa kawaida, yaani kwa faida yake. Jioni ile nilikaa na kikokotoo hadi watoto wakalala. Ngoja niiweke hesabu hapa, kwa maana ndiyo iliyonibadilisha.

Mauzo yangu ni kama milioni 4 kwa mwaka. Kwa TOT, hiyo ni shilingi 120,000. Tuseme faida ni asilimia 10, yaani 400,000. Ushuru wa mapato wa mtu binafsi unaanza na asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza, ambayo ni 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 25, yaani 25,000. Zile 12,000 zilizobaki, kwa asilimia 30, ni 3,600. Jumla 57,400. Kisha kila mkazi anapunguziwa 28,800 kwa mwaka, ule unafuu wa kibinafsi unaoonekana kwenye mshahara kama 2,400 kwa mwezi. Kinachobaki ni 28,600. Niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Lakini kijana alikuwa amenionya: faida inayohesabiwa ni ile unayoweza kuithibitisha. Kuanzia Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, haitambuliwi. Kwa hiyo nikafanya hesabu ya pili, ya mtu mzembe. Mauzo ni yale yale milioni 4, gharama za kweli 3,600,000, lakini ununuzi wa 600,000 hauna ankara. Mbele ya sheria faida yangu sasa ni milioni 1, na ushuru unakuwa 208,600. Ningekuwa nimeikimbia 120,000 nikaangukia kitu kizito zaidi. Kwa hiyo swali langu likabadilika, likawa: je, ninaweza kupata ankara ya kila kitu ninachonunua?

Niliandika barua Novemba, nikaanza mwaka 2024 nje ya TOT. Kazi kubwa haikuwa barua. Kazi ilikuwa wauzaji wangu.

Wa jumla hawakunisumbua. Wanatoa ankara za eTIMS, ila lazima uwape PIN yako, yaani namba yako ya ushuru, kabla hawajaandika. Miezi miwili ya kwanza nilisahau mara kadhaa, na ankara isiyo na PIN yako haikusaidii, kwani ununuzi huo hauonekani kuwa wako. Nikabandika PIN kwenye kadi ndogo, nikampa kijana wangu wa mkokoteni aitembeze pamoja na orodha ya bidhaa. Mwenye nyumba alikuwa mgumu kidogo, kodi ya duka alizoea kutumiwa kwa M-Pesa bila karatasi. Nilimweleza kwamba bila ankara kila shilingi 1,000 ninayompa inaweza kunigharimu 300 nyingine. Alichukua muda, akakubali.

Walionishinda ni wa mchanga na kokoto. Dereva wa lori anashusha mzigo saa kumi na mbili asubuhi, anataka pesa zake aondoke. "Mama, mchanga hauna risiti," ndilo jibu nililopewa mwaka mzima. Sikuwalaumu sana, wengi wao hawakuwahi kufunguliwa mfumo. Tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria imelegea upande huo: mnunuzi anaweza kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Ningalipata hilo mapema lingenisaidia.

Mwaka ulipofungwa, mauzo yalikuwa milioni 4 na kidogo, niyaite milioni 4. Gharama za kweli zilikuwa 3,540,000, na kati ya hizo 90,000 za mchanga hazikuwa na ankara. Faida yangu ya kweli ilikuwa 460,000, lakini nilitozwa kwa 550,000. Ushuru ukawa 73,600. Bila ule mchanga ungekuwa 46,600. Shilingi 27,000 zilienda kwa sababu ya malori, na bado niliokoa 46,400 nikilinganisha na TOT. Pesa hizo zililipa karo ya muhula mmoja, zikanunua na rafu za chuma ambazo nilikuwa nikiziahirisha tangu nifungue duka.

Tafadhali usichukue barua yangu ukainakili kabla ya kupiga hesabu zako. Jirani yangu ana saluni, na aliposikia akataka kutoka siku hiyo hiyo. Tulikaa naye. Anaingiza kama milioni 1.5 kwa mwaka na karibu nusu ni faida, kwani anachouza hasa ni mikono yake. Kwa TOT analipa 45,000. Kwa ushuru wa kawaida, faida ya 750,000 ingemtoza 133,600. Nilimsihi abaki alipo, na amebaki. Mwenye faida nyembamba na ununuzi mwingi wenye ankara ndiye anayefaa kutoka. Mwenye faida nene atulie. Na kama umeajiriwa na duka ni la pembeni, kumbuka ule unafuu wa 28,800 umeshautumia kwenye mshahara, na faida ya duka inaongezwa juu ya mshahara huo. Huenda yote ikatozwa asilimia 30.

Kuna jambo moja la TOT nililolikosa: ilinilazimisha kulipa kila mwezi. Sasa deni linaweza kukusanyika kimyakimya. Ushuru wa mwaka ukifika 40,000, unatakiwa kulipa kwa awamu nne, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Salio linalipwa kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata, na ritani yenyewe, yaani taarifa ya mapato na ushuru wako, iwe imeingia kufikia 30 Juni. Kila Jumamosi jioni natoa 1,600 kwenye Pochi la Biashara, pochi yangu ya M-Pesa ya duka, naipeleka akaunti ambayo haina kadi. Nilijaribu kuiweka pamoja na pesa za duka, ikaishia kwenye nondo.

Nyumbani nako kulikuwa na pesa tuliyokuwa tukiiacha. Mume wangu ameajiriwa, mshahara wake ni 60,000 kabla ya makato. Sheria za ushuru zilipofanyiwa marekebisho na kuanza kutumika 27 Desemba 2024, makato ya SHIF (bima ya afya ya jamii) na ya nyumba za bei nafuu yaliruhusiwa kuondolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa PAYE, yaani ushuru unaokatwa kwenye mshahara. Kwake SHIF ya asilimia 2.75 ni 1,650, na ya nyumba, asilimia 1.5, ni 900. Jumla 2,550, ambayo haitozwi tena asilimia 30, kwa hiyo PAYE inapungua kwa 765 kila mwezi. (Upande wa pili, ule unafuu mdogo uliokuwepo kwa makato ya nyumba uliondolewa, kwa hiyo faida halisi ni pungufu kidogo.) Januari na Februari mwajiri wake alikuwa bado anatumia hesabu ya zamani. Mume wangu si mtu wa kugombana ofisini. Nilimwandikia hesabu kwenye karatasi moja, akaipeleka kwa heshima, na Machi wakairekebisha pamoja na ya nyuma. Nawaomba wote mlioajiriwa, tazameni stakabadhi ya mshahara mstari kwa mstari. Msiangalie tu ile namba ya mwisho.

Marekebisho hayo hayo yalipandisha kiwango cha akiba ya pensheni kisichotozwa ushuru, kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, michango ya NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ikiwa ndani yake. Hatufikii huko, wala hatukaribii. Lakini tuliamua aongeze 5,000 kwenye mpango wa pensheni uliosajiliwa, na kwa kuwa zinakatwa kabla ya PAYE, ushuru unashuka kwa 1,500. Mfukoni zinatoka 3,500, akibani zinaingia 5,000. Nimetafuta chama chochote cha akiba kinachotoa hivyo, sijakiona. Pia tuna bima ya elimu ya mtoto wa kwanza, 4,000 kwa mwezi. Asilimia 15 yake, yaani 600, inapunguzwa kwenye ushuru wake, alimradi bima ni ya miaka 10 au zaidi na cheti cha kampuni kipo mkononi. Cheti hicho tulikaa miaka miwili bila kukidai.

Na la madeni ya zamani. Mwaka 2022 nilijifungua nikaugua, nikakaa miezi minane bila kuwasilisha ritani za TOT. Kila mwezi uliopita bila ritani ulikuja na faini ya 1,000, juu yake asilimia 5 ya ushuru niliochelewesha na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Nilikuwa naogopa hata kufungua iTax, tovuti ya kulipia ushuru. Ule msamaha wa Sheria ya Fedha ya 2023 ulisema ukilipa ushuru wenyewe kufikia 30 Juni 2024, faini na riba za hadi mwisho wa 2022 zinafutwa. Nilienda saiba, duka la kompyuta na intaneti, Mei 2024, nikawasilisha zote nane kwa asubuhi moja, nikalipa ushuru wenyewe, na faini zikaondoka. Usiku huo nililala vizuri. Baadaye msamaha uliongezwa hadi 30 Juni 2025 kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023. Umeshafungwa, lakini mwenye deni asiendelee kujificha. Riba haiachi kuhesabiwa kwa sababu hujafungua akaunti.

Sasa nakabiliana na kitu kingine. Mauzo yanaelekea milioni 5, na ukifika hapo kujisajili kwa VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, ni lazima. Kwa upande mmoja nitaanza kudai ile asilimia 16 ninayolipa kwenye saruji na mabati, ambayo leo inamezwa na bei. Kwa upande mwingine, ritani zinarudi kuwa za kila mwezi, tarehe 20. Wiki hii nimeanza kupanga ankara zote za saruji kwenye faili lake peke yake, nione ni kiasi gani ningedai kama ningekuwa nimesajiliwa tangu Januari.