Siku moja chini ya dohani isiyotoa moshi

Saa 11:30 alfajiri. Meli inaelea kwenye Bahari ya Kaskazini ikiwa na shehena ya gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika kwa baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri, inasubiri zamu yake ya gati. Ukitazama dohani huoni moshi. Hewa inacheza tu juu yake kama juu ya jiko la mkaa lililokolea. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Injini zetu zinaunguza gesi hiyohiyo. Ikiungua haitoi masizi ya maana wala salfa, ni kweli, lakini ile isiyoungua nayo inatokea bomba hilohilo, bila rangi wala harufu. (Harufu ya mtungi wa jikoni hutiwa makusudi. Gesi yetu haijatiwa kitu.) Methani hiyo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, kilo kwa kilo, inapasha dunia joto karibu mara 28 ya kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100, na zaidi ya mara 80 kwa hesabu ya miaka 20. Kazi yetu mafundi wa injini kutwa ni kuhakikisha inaungulia ndani ya silinda.

Saa 12:00. Makabidhiano ya zamu, kuzungukia mafuta, maji, hewa ya kuwashia na bilji (maji machafu ya chini ya meli). Hakuna jipya.

Saa 1:00. Chumba cha udhibiti. Tuna injini nne za stroki nne za kuzalisha umeme wa meli nzima, hata wa kuzungusha propela: tatu za silinda 12, kilowati 11,400 kila moja, na ndogo ya silinda 6, kilowati 5,700. Gesi inaingia kwa presha ndogo, bar 5 hivi, inachanganyika na hewa mara mbili ya inayohitajika, na dizeli kiasi cha asilimia 1 ya nishati yote ndiyo kibiriti. Mchanganyiko mwepesi namna hiyo unaungua kwa moto wa wastani, ndiyo maana oksidi za nitrojeni zinakaa chini ya gramu 2.6 kwa kilowati-saa, kikomo cha Tier III (daraja kali la kanuni za kimataifa za moshi wa meli) kwa injini ya mizunguko 514 kwa dakika, bila mtambo wa kusafisha moshi. Bei yake ni methani. Kuna gesi inayojificha kwenye mwanya kati ya kichwa cha pistoni na laina (ukuta wa ndani wa silinda), juu ya ringi ya kwanza, moto usikofika. Kuna inayopita moja kwa moja wakati vali za kuingiza na za kutoa ziko wazi pamoja. Na kuna inayokutana na ukuta wa silinda uliopoa, moto ukazimikia hapo.

Meli inayoelea inataka kilowati 2,500 tu. Injini ndogo inaubeba mzigo huo peke yake kwa asilimia 44, si pazuri sana lakini panavumilika. Gesi inayochemka tangini na kuzidi mahitaji inaenda kwenye tanuri la gesi. Ni hasara, ila tanuri linaiunguza barabara.

Saa 1:40 simu ya brijini, chumba cha kuongozea meli, inalia kabla chai haijapoa. Wanataka injini ya pili iwashwe, kuna meli mbili zinakaribia na mkondo unatusukuma. Si ujinga. Injini moja ikizima, meli nzima inalala gizani na propela haizunguki. Lakini hesabu yake ni hii: kilowati 2,500 zikigawanywa kwa injini ndogo na kubwa moja, kila moja inabeba asilimia 15. Hewa inakuwa nyingi, gesi kidogo, moto unawaka penye dizeli kisha unafia njiani. Tunawaambia injini ya akiba iko moto, mafuta yanazunguka, itashika ndani ya dakika moja mbili. Hawataki. Basi iendeshwe kwa dizeli? Methani itaisha, ila oksidi za nitrojeni zitapanda hadi kikomo cha Tier II, gramu 10.5, na meli mpya haziruhusiwi hivyo kwenye bahari hii. Meli zikishapita, tunauliza kama tuizime. "Subirini kidogo." Kidogo cha brijini kinafika saa tano na nusu.

Ukilazimika kukaa huko chini, la kufanya ni kupunguza hewa. Vali inayopitisha moshi pembeni ya tabo (kisukuma hewa cha injini) inafunguliwa zaidi, na hewa ya kuingia inapashwa, nyuzi 45 iwe 55. Ukizidisha, ukija kupandisha mzigo injini inaanza kugonga, yaani gesi inalipuka ovyo. Upande mmoja kugonga, upande mwingine kumisi (kukosa kuwaka), na njia ya katikati ni nyembamba. Inazidi kuwa nyembamba shehena ikizeeka tangini, kwa sababu methani ndiyo inayotangulia kuchemka na ethani na propani zinazobaki ndizo zinazogonga.

Saa 3 kasorobo ndipo injini kubwa inapoanza kusumbua. Silinda zote ziko nyuzi 380 kwenye ekzosi, silinda B4 iko 290. Kwenye injini ya gesi silinda iliyopoa ndiyo ya kuogopa, maana gesi yake inakwenda mbichi kwenye bomba la moshi, na bomba hilo lina sahani za kupasukia, za kutoa presha gesi ikilipuka, kwa sababu hiyohiyo. Kwanza tunabadilishana sensa, ya B4 iende B5. Ubaridi unabaki B4, basi sensa ni nzima. Tunaongeza kidogo muda wa vali ya gesi kufunguka. Joto halipandi, na hapo unaacha mara moja, kwa kuwa silinda isiyo na kibiriti ukiiongezea gesi unaipeleka dohanini tu. Tunahamishia injini kwenye dizeli: B4 inapanda sawa na wenzake. Hiyo inatosha kukuambia mgandamizo upo, ringi na vali hazivuji. Kilichobaki ni sindano ndogo ya dizeli ya kuwashia.

Kuizima, brijini wakisharuhusu, nako kuna taratibu. Inazimwa ikiwa kwenye dizeli, mabomba ya gesi yanasafishwa kwa nitrojeni, feni inapuliza ekzosi. Kisha kifuniko, bomba la presha, na kichomeo, kifaa chenye sindano za kunyunyizia dizeli, kinavutwa. Chumba kina joto, jasho linaingia machoni, na kichomeo kimeng'ang'ania kwa kaboni hadi kivutwe kwa skrubu, taratibu, kisipinde. Kwenye benchi ya majaribio tunaona wenyewe: sindano kubwa inanyunyiza vizuri, ndogo inatoa mchirizi upande mmoja na matundu mengine yamezibwa na masizi. Ni ugonjwa wa mzigo mdogo. Kichomeo kingine kinaingia na washa mpya, kwa sababu washa ya zamani ikirudishwa itavuja tu. Nati zinakazwa kwa zamu, kwa spana ya kupimia nguvu, hatua kwa hatua. Injini ikiwashwa inajipima kwanza kama kila silinda inashika moto wa dizeli, ndipo iruhusiwe gesi. B4: 376.

Chakula cha mchana kilikuwa baridi.

Alasiri kuna kupanda dohani na kipimo cha infraredi. Mpira wa kuvuta moshi unapashwa hadi nyuzi 180 na zaidi, maji yasije yakatona ndani. Mchanganyiko unaoingia silinda una methani kama asilimia 5, kwa hiyo ukisoma sehemu 1,500 kwa milioni kwenye moshi, umepoteza kama asilimia 3. Injini ndogo peke yake inasoma 2,100. FuelEU, kanuni ya Ulaya ya mafuta ya meli iliyoanza Januari 2025, inazihesabia injini za aina hii asilimia 3.1; vipimo ambavyo ICCT, shirika la utafiti wa usafiri safi, na wenzake walivitoa mwaka 2024 vilipata wastani wa 6.4. Ukitaka kujua tofauti hiyo imetoka wapi, kakae saa nne kwenye asilimia 15 ya mzigo.

Chukua injini kubwa kwenye kilowati 8,500. Inakula kilo 1,300 za gesi kwa saa. Ikivuja asilimia 3.1 ni kilo 40, sawa na tani 1.1 ya kaboni dayoksaidi juu ya tani 3.5 za kuungua kwenyewe. Na tangu 2026 soko la kaboni la Ulaya linaitoza methani pia.

Kila mgeni anauliza kwa nini hatufungi kichujio cha kikemikali. Kipo cha paladiamu, ila methani ni ngumu kuvunjika: kinataka moshi wa nyuzi 450 na kuendelea, na salfa kidogo tu ya dizeli au mafuta ya kulainisha inakitia sumu. Moshi wa injini yenye mzigo mdogo haufiki huko. Injini kubwa za stroki mbili zinazopuliza gesi kwa bar 300 zinavuja asilimia 0.2 tu, lakini hizo zinahitaji mtambo wa kushughulikia oksidi za nitrojeni. Wengine wanarudisha sehemu ya moshi uliopozwa kwenye hewa ya kuingia, na mvujo unashuka hadi nusu. Hayo hununuliwa meli ikijengwa. Sisi tuna vali, sensa na simu ya brijini.

Jioni, gati limeahirishwa hadi kesho. Kichomeo cha B4 kimelowekwa kwenye beseni, na vile vya B3 na B5 vimeandikwa ubaoni vitolewe asubuhi, maana vimekaa kwenye mzigo uleule.