Wapiga kura walitupatia siku za kuugua, bunge la Missouri likazichukua

Tangu tarehe 28 Agosti 2025, mfanyakazi wa kampuni binafsi hapa jimbo la Missouri, Marekani, akiugua, hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri wake amlipe siku hiyo. Mwajiri mwenye utu atakulipa, au mwenye utaratibu wake wa likizo. Asiye navyo atakuacha uchague mwenyewe: ulale nyumbani bila hela au uende kazini na homa yako. Kwa karibu miezi minne kabla ya hapo sheria tulikuwa nayo. Nimefanya kazi Kansas City kabla haijaja, ikiwepo, na baada ya kuondolewa, na nataka kueleza nilichokiona, kwa sababu ndugu wengi nyumbani wanaamini jambo hili Marekani walishalimaliza zamani.

Shemeji yangu ni mhasibu wa kampuni binafsi Mwanza. Nikimwambia niliumwa siku tatu na mshahara ukapungua, ananiuliza, "Kwani hukwenda hospitali wakakupa ED?" Anauliza kwa dhati kabisa. Kwake utaratibu unaeleweka: daktari anaandika ED, karatasi ya kukupumzisha, unaipeleka kazini, unapumzika, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia kama kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Najua, na yeye anajua, kwamba mama ntilie hana wa kumpelekea ED, wala dereva wa bodaboda, na dada wa kazi za ndani asiye na mkataba anaweza kufukuzwa siku hiyohiyo anayoanguka. Hilo nalo linaniuma. Lakini mwenye ajira rasmi Tanzania ana kifungu cha kumwonyesha bosi wake. Mimi hapa sina.

Sheria ya nchi nzima Marekani haipo. Iliyopo ni ile ya mwaka 1993 ya likizo ya familia na matibabu, inayokuruhusu kukaa nje ya kazi hadi wiki 12 bila kupoteza nafasi yako, ila bila malipo. Hata hiyo si ya kila mtu. Mwajiri lazima awe na wafanyakazi 50 au zaidi, wewe uwe umemfanyia kazi miezi 12, na ndani ya miezi hiyo uwe umetimiza saa 1,250. Tena ni ya ugonjwa mzito. Mafua, tumbo la kuharisha la siku mbili au homa ya mtoto kwa kawaida havimo. Mwaka huohuo wa 2004, wakati Dodoma wanapitisha sheria yetu, Seneta Edward Kennedy na mbunge Rosa DeLauro walipeleka Washington muswada wa kuwapa wafanyakazi siku saba kwa mwaka za kuugua kwa malipo. Umerudishwa bungeni mara nyingi tangu wakati huo. Kennedy alifariki 2009, na muswada bado haujawa sheria.

Kwa hiyo kila jimbo linajiamulia. San Francisco ulikuwa mji wa kwanza, kwa kura ya mwaka 2006. Connecticut likawa jimbo la kwanza, 2011. Mahali ndege inapokushusha ndipo panapoamua kama ukiugua utalipwa, na sisi wengi hatukuchagua mahali hapo kwa kusoma sheria za kazi. Tulifuata ndugu, au shirika la wakimbizi lilitupangia.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika kituo cha kulelea wazee, kazi ambayo Waafrika wa Mashariki wengi hapa tunaifanya kwa sababu mafunzo yake ni mafupi na nafasi hazikosekani. Unamgeuza mzee kitandani asipate vidonda, unamwogesha, unambadilisha nepi, unamlisha kijiko kwa kijiko. Uso wako na wake haviachani hata hatua moja. Anakukohoa, unamkohoa. Ukiingia na norovirusi, kile kirusi cha kutapika na kuharisha, utakiacha kwenye vitasa vya milango, kwenye vyombo vya chakula, kwenye mikono ya watu wenye miaka 85 ambao kuharisha usiku mmoja kunaweza kuwapeleka hospitali kwa kukaukiwa maji. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri mtu akae nyumbani angalau saa 48 baada ya dalili kuisha. Ushauri huo umebandikwa ukutani kwenye chumba chetu cha mapumziko. Kila anayeupita anapiga hesabu ya saa hizo 48.

Tuseme unalipwa dola 18 kwa saa. Shifti ya saa nane ni dola 144 kabla ya makato. Siku tatu ni dola 432. Hizo ndizo zilizokuwa zikamilishe kodi ya nyumba, au ada ya mdogo wako uliyoahidi kutuma. Juu ya hapo kuna pointi. Sehemu nyingi ukikosa shifti unaandikiwa pointi, zikifika idadi waliyoiweka unaitwa ofisini, na zikiendelea unaachishwa kazi. Nilipoanzia kazi hapa mjini, karatasi ya daktari haikufuta pointi hata moja. Basi watu wanameza Panadol kwenye gari, wanangoja joto lishuke, ndipo wanaingia. Hawa si watu wabaya. Wanawapenda wale wazee, wengine wanawaita bibi na babu, na wakifa wanalia.

Matokeo yake yameandikwa, si mimi ninayeyabuni. Februari na Machi 2020 korona iliingia katika kituo kimoja cha wazee mjini Kirkland, jimbo la Washington, wakati Wamarekani wengi bado wanadhani iko mbali. Kufikia tarehe 18 Machi wazee 101 walikuwa wamethibitika kuambukizwa na 34 kati yao wameshafariki. Wachunguzi wa CDC walipoeleza ilivyosambaa hadi kwenye vituo vingine, waliandika miongoni mwa sababu kwamba wahudumu walikuwa wanakuja kazini wakiwa na dalili, na kwamba wahudumu hao walikuwa wanafanya kazi katika kituo zaidi ya kimoja. Nikisoma maneno hayo nawaona wenzangu mmoja mmoja. Kazi mbili ndiyo hali ya kawaida kwetu wabeba boksi: asubuhi kituo hiki, usiku kile, katikati usingizi wa saa nne. Ugonjwa unapanda gari na mfanyakazi.

Machi hiyohiyo bunge la nchi lilipitisha sheria ya dharura iliyotoa hadi saa 80 za malipo kwa aliyepatwa na korona au aliyewekwa karantini. Kampuni zenye wafanyakazi 500 na zaidi hazikuguswa. Waajiri wa sekta ya afya nao waliruhusiwa kuwaacha nje wahudumu wao, maana yake hata sisi tunaoshika wagonjwa. Ilipofika 31 Desemba 2020 ulazima wenyewe ukaisha, na korona bado inaua.

Ndiyo maana Novemba 2024 ilitushika moyo. Wananchi wa Missouri walikusanya saini, wakaliingiza kwenye karatasi ya kura pendekezo lililoitwa Proposition A: kima cha chini cha mshahara kipande hadi dola 13.75 Januari 2025 na dola 15 Januari 2026, na kila saa 30 za kazi zikuzalie saa moja ya kuugua kwa malipo. Mwajiri mwenye watu 15 au zaidi angekuruhusu kutumia hadi saa 56 kwa mwaka. Mwenye watu wachache kuliko hao, saa 40. Ungeweza kuzitumia kwa ugonjwa wako, kwa mtoto au mzazi, au kama umepigwa nyumbani na unahitaji kukimbilia mahali salama. Mimi sikupiga kura, kwa kuwa mwenye grini kadi haruhusiwi. Wenzangu wengi wa kazini hawakupiga pia, kwa sababu hiyohiyo. Walioipitisha, kwa zaidi ya asilimia 57, walikuwa raia wa jimbo ambalo siku hiyohiyo lilimpa ushindi mkubwa Donald Trump. Ina maana wapo maelfu waliomchagua yeye na wakataka pia mgonjwa alipwe. Sijaona siku nyingine hapa ambapo watu wa pande zile mbili walikubaliana kitu kinachonihusu mimi.

Kundi la wafanyabiashara lilikwenda mahakamani kuipinga. Mwishoni mwa Aprili 2025 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo ikaiacha isimame, na tarehe 1 Mei saa zikaanza kuhesabiwa.

Kuna dada mmoja tunafanya naye kazi, mzaliwa wa Uvira, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Kiswahili chake kina Kongo ndani yake, changu kina Ziwa, tunaelewana vizuri. Mwanawe ana pumu. Miaka yote kabla ya hapo, mtoto akibanwa kifua, dada huyu alikuwa anabembeleza mtu abadilishane naye shifti, au anamwacha kwa jirani na simu mkononi, akitoka kila mara kwenye korido kuuliza anaendeleaje. Juni ile alimpigia msimamizi asubuhi, akasema ukweli, akampeleka mtoto kliniki. Hela ilipoingia alikuja na karatasi ya mshahara akanionyesha mstari wenye saa za kuugua. Aliishika kwa mikono miwili. "Dada, wamenilipa kwa ajili ya mtoto," aliniambia, kisha akarudia.

Hata kituo kilibadilika. Watu walipiga simu mapema badala ya kutoweka au kuja na Panadol tumboni. Msimamizi akapata muda wa kutafuta mbadala. Wazee wakakaa na wahudumu wenye nguvu za kuwanyanyua bila kuwaangusha. Sitadai zaidi ya niliyoyaona kwenye jengo letu, ila niliyaona.

Bunge la jimbo, kule Jefferson City, halikungoja hata saa za kwanza zitumike. Mei lilimaliza kupitisha muswada wa kuifuta, ukiungwa mkono na chemba ya biashara ya jimbo, na tarehe 10 Julai Gavana Mike Kehoe akautia saini. Dola 15 zikabaki, ila nyongeza ya kila mwaka ya kufuata kupanda kwa bei wakaiondoa. Saa za kuugua zilikufa tarehe 28 Agosti. Mtu wa saa 40 kwa wiki alikuwa amejikusanyia kama saa 22 tangu Mei, hazifiki shifti tatu. Ambaye hakuugua kiangazi kile, zake zilipotea zote isipokuwa mwajiri wake aamue kuzitunza.

Waliloliweza linatokana na namna katiba ya Missouri ilivyo. Wananchi wakipitisha sheria ya kawaida kwa kura, wabunge wanaweza kuifuta kwa wingi wa kawaida tu. Wakipitisha badiliko la katiba, wabunge hawaligusi bila kurudi kwa wananchi. Kwa maoni yangu, siku za kuugua zipelekwe huko kwenye katiba.

Hoja za waajiri wadogo nazisikia, na sizidharau. Mwenye saluni na wasusi watatu akikosa mmoja Jumamosi, anaumia kweli. Lakini sheria ilishawapunguzia, na saa 56 ni siku saba katika mwaka mzima. Anayesema watu wangedanganya asome kifungu chake: ukikosa siku tatu mfululizo au zaidi, mwajiri alikuwa na haki ya kudai uthibitisho. Na gharama haikufutwa pamoja na sheria. Imehamishiwa kwa mzee anayeambukizwa, kwa bima inayolipia kulazwa kwake, na kwa msaidizi anayekosa kodi ya nyumba.

Vuka mpaka uone. Illinois tangu Januari 2024 mfanyakazi anapata hadi saa 40 kwa mwaka na haulizwi sababu. Minnesota, walikojaa Wakenya wanaofanya kazi kama yangu, mwezi huohuo walianza na saa 48. Nebraska walipiga kura siku moja na sisi, karibu robo tatu wakasema ndiyo, na sheria yao ikaanza Oktoba 2025. Upande wa pili wa State Line Road, barabara inayopita mpakani mwa Kansas City yetu, liko jimbo la Kansas, nalo halina sheria hiyo na kima chake cha chini bado ni dola 7.25.

Kwa hiyo wewe unayekuja, au uliyekwisha kufika na unabadilisha kazi, usiulize mshahara wa saa peke yake. Uliza likizo ya kulipwa inaanza kuhesabiwa lini na kama inatumika mtoto akiugua. Uliza pointi zinafutwaje na ujibiwe kwa maandishi. Dola 17 zenye siku za kuugua zinaweza kukufaa kuliko 18 tupu, hasa kama una mtoto. Kama unafanya kupitia ejensi, uliza mara mbili, maana huko mara nyingi hakuna kitu.

Na wale mlioapa uraia tayari: kujiandikisha kupiga kura Missouri kunafungwa Jumatano ya nne kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa wakazi wa Kansas City upande wa kaunti ya Jackson, nendeni bodi ya uchaguzi ya mji. Kwingine ni kwa karani wa kaunti au bodi ya uchaguzi ya huko. Ukihama nyumba, badilisha anwani kabla ya tarehe hiyo.