Kiota cha Nyigu

Siku ile pale bandarini Kigoma tangi la meli lilikuwa na lita 6,000 za maji taka, na pampu ya meli imekufa: kipande cha khanga, alichokitupa abiria chooni, kilikuwa kimejiviringisha kwenye impela, gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu. Pampu ikiwa nzima, meli husukuma yenyewe. Ikifa, gari la kunyonya ndilo livute.

Kuunganisha mpira tu kulikula saa nzima. Flanji ya maji taka ya meli, yaani sahani ya chuma ya kuungia bomba, kwa vipimo vya MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi kutoka melini, ina kipenyo cha milimita 210 na matundu manne kwenye duara la 170, ya bolti za milimita 16. Gari lilikuja na kiungio cha inchi 3, kilichozoea makaro ya mtaani Mwanga. Fundi akachomelea kipande cha kuunganishia, gasketi ya kuziba katikati tukaikata kwenye tyubu ya lori. Bolti hukazwa kwa mshazari. Ukimaliza upande mmoja kwanza, gasketi inakaa vibaya na mpira unavuta hewa. Chini ya kiungio tukaweka beseni na mchanga. Ziwa lenyewe ndilo watu wanalochota.

Valvu ikafunguliwa. Mpira ukaruka mara mbili, ukatulia.

"Chifu, hamna kitu kinakuja," dereva akasema.

Nikamwambia aongeze mvuto. Hapo ndipo nilipokosea. Melini pakasikika mlio kama debe linalokanyagwa.

Tangi hupumua kwa bomba linalotokea sitahani, shingo imeinama, mdomoni lina wavu. Nyuma ya wavu nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo kigumu kama tofali. Hewa isipoingia, maji hayatoki, na hewa ya nje hulikandamiza bati: upungufu wa shinikizo wa baa 0.3 tu ni kama tani 3 kwa kila mita ya mraba. Bamba la juu lilikuwa limebonyea kina cha kiganja.

Tulizima mvuto, tukaruhusu hewa irudi taratibu kupitia gari, ndipo tukazibua bomba, tumesimama upande unakotoka upepo. Harufu ya mayai viza ikikatika ghafla, ondoka: gesi yenye harufu hiyo, hidrojeni salfaidi, ni sumu na huanza kwa kuua pua.

Zilizobaki ni dakika 25 za kuvuta polepole, kusuuza mpira kwa maji safi na kufunga valvu ya meli. Kiota fundi alikivunja kwa bisibisi. Ndani mlikuwa mmejaa buibui, miguu imekunjwa, wengine bado wanatikisika.