Korona ilimwangusha huyu ikamwacha yule, kwa nini?

Hili swali limenikaa kichwani tangu 2020 jamani. Watu wawili, umri mmoja, nyumba moja, huyu anakohoa siku tatu yameisha, yule yuko kwenye oksijeni anapigania pumzi. Watafiti wakasoma jeni za wagonjwa mahututi wakakuta kipande kwenye kromosomu ya 3 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) kinachoongeza hatari, halafu wanasayansi Zeberg na Pääbo wakaonyesha kwamba waliokuwa nacho wamekirithi kutoka kwa Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, makumi ya maelfu ya miaka huko nyuma! Hapo nilirudia kusoma mara mbili.

Wengine shida yao ni tofauti, kinga yao wenyewe inashambulia intaferoni, ile protini inayopiga kengele virusi vikiingia, na kwenye wagonjwa mahututi waliopimwa karibu asilimia 10 walikuwa hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba data nyingi za jeni ni za watu wenye asili ya Ulaya, na kile kipande Afrika karibu hakipo kabisa, sasa dawa ya kumlenga mtu kwa jeni zake itatufikiaje kama zetu hazijasomwa? Na si kwamba hatuna uwezo, maabara za Botswana na Afrika Kusini ndizo zilizoistua dunia kuhusu Omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona, Novemba 2021.