Trapeziasi haiishii mabegani

Wengi wanaokuja kwangu na maumivu ya mgongo wa juu hunionyesha sehemu ileile, pale shingo inapokutana na bega. Wanapabana kwa vidole na kusema, "Daktari, ni hapa hapa." Wanataka pakandwe. Ninapakanda, maana nafuu ya muda nayo ni nafuu, lakini kazi yangu ya fiziotherapia imenionyesha kuwa sehemu inayosahauliwa ya trapeziasi, ule msuli mkubwa wa shingo na mgongo wa juu, iko chini zaidi, mahali ambapo mwenyewe hafikii kwa mkono.

Msuli huu ni mpana ajabu. Unaanzia kisogoni, kwenye kile kinundu cha mfupa unachokipapasa nyuma ya fuvu, unafuata katikati ya shingo, kisha unashuka na uti wa mgongo hadi pingili ya 12 ya kifua. Toka kwenye mstari huo nyuzi zake zinaelekea begani. Za juu hujishikiza kwenye theluthi ya nje ya mtulinga, za kati kwenye ncha ya bega na ule ukingo wa mfupa ulioinuka nyuma ya kombe la bega, na za chini hupanda kwa mshazari hadi mwanzo wa ukingo huo, karibu na uti.

Tumezoea kusema nyuzi za juu ndizo zinazoinua bega. Ni kweli kwa sehemu tu. Mwaka 1994 watafiti Johnson, Bogduk na wenzao walionyesha kwamba zile zinazotoka kisogoni ni nyembamba, na kwamba zinazofika kwenye mtulinga zinakwenda karibu kwa mlalo, hivyo haziwezi kulivuta bega moja kwa moja kwenda juu.

Ninachopenda zaidi ni kuutazama ukifanya kazi. Mgonjwa anakaa akinipa mgongo. Naweka kidole kimoja kwenye pembe ya chini ya kombe la bega, kingine pale ukingo wake unapoanzia, kisha namwomba ainue mkono polepole. Pembe ya chini inateleza kuelekea kwapani, ila kile kidole cha pili kinabaki karibu palepale. Hapo ndipo nyuzi za chini zimeshikilia. Serato ya mbele, msuli wa ubavuni, inavuta pembe kwenda mbele, nyuzi za juu zinasaidia, na kombe lote linazunguka. Katika digrii 180 za kuinua mkono hadi juu kabisa, kama 60 hutokana na mzunguko huo.

Neva inayouendesha, ya 11 kati ya neva za fuvu, hupita ubavuni mwa shingo karibu sana na ngozi. Inaweza kujeruhiwa hata katika upasuaji mdogo wa kutoa tezi ya limfu. Bega huning'inia, na mkono hushindwa kupanda zaidi ya usawa wa bega. Ukiona hivyo baada ya upasuaji wa shingo, tafadhali usisubiri ipite yenyewe. Rudi kwa daktari mapema, kwa sababu neva iliyokatika hushonwa kwa mafanikio zaidi muda ukiwa bado mfupi.

Kwa wasio na jeraha, zoezi ninalolitoa kwanza ni hili: lala kifudifudi, nyoosha mkono mbele kwa mshazari, dole gumba likitazama juu, kisha uinue kidogo bila kupandisha bega kuelekea sikioni. Mwanzoni usishike chochote. Uzito wa mkono wenyewe unatosha.